Unataka kufundisha chekechea? Soma hii kabla hujalipa ada ya chuo

Kila matokeo ya fomu foo yakitoka naletewa swali lile lile, chuo gani kizuri cha ualimu wa chekechea na ada yake shilingi ngapi. Wanaouliza ni wadogo zangu wengi, na wengine ni mama zao kabisa. Swali zuri, ila kuna lingine linatakiwa lije kabla ya hilo na watu wengi wanaliruka, wanakuja kushtuka wako mwaka wa pili au tayari wana cheti mkononi ambacho hakiwaingizi pale walipokuwa wanapataka. Nimefanya hii kazi miaka mingi na naipenda kwa moyo wote, kwa hiyo naandika yote sehemu moja, kwa hapa kwetu Tanzania. Ni ndefu kidogo, vumilia.

Hatua ya 1: Jua unataka mlango upi

Huku mtaani tunaita kila kitu chekechea, au nasari, wazee bado wanasema shule ya vidudu. Lakini kiserikali kuna milango miwili tofauti kabisa na kila mmoja una wizara yake.

Wa kwanza ni elimu ya awali. Hili ni darasa lililopo shule ya msingi, kabla ya darasa la kwanza, na liko chini ya Wizara ya Elimu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilisema mtoto wa kati ya miaka 3 na 5 asome awali kwa muda usiopungua mwaka 1 na ikaifanya lazima. Ukitaka kuja kuajiriwa na serikali kufundisha watoto wadogo, mlango wako ni huu, na unaingia nao kwa cheti cha ualimu.

Wa pili ni malezi, yaani vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, zile dei kea. Hivi viko chini ya Ustawi wa Jamii, kwa sasa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na vinaendeshwa kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Hapa unasomea malezi na makuzi ya mtoto. Chuo kinachojulikana sana kwa hili ni Kisangara, kule Mwanga mkoani Kilimanjaro, tawi la Taasisi ya Ustawi wa Jamii.

Halafu kuna Montessori ambayo iko kama katikati. Hii ni njia ya kufundisha aliyoianzisha daktari wa Kiitaliano Maria Montessori, kituo chake cha kwanza alikifungua Roma mwaka 1907 kwenye mtaa wa watu wa kipato cha chini, San Lorenzo. Kwetu ililetwa na masista wa Kikatoliki na mpaka leo vyuo vinavyojulikana ni vya kwao, kama Msimbazi pale Dar, Lushoto na Mtwara. Shule binafsi wanampenda sana mtu aliyepita Montessori kwa sababu anatoka anajua kupanga darasa na kutengeneza vifaa kwa mikono yake. Ila kabla hujalipa waulize cheti chao kinatambulika na nani, na kama unaweza kukitumia kuombea ajira ya serikali. Wakujibu kwa maandishi, usikubali maneno ya mlangoni.

Kosa ninaloliona sana ni mtu kusoma kozi ya miezi 3 ya malezi huku ndoto yake ni ajira serikalini. Hiyo kozi sio mbaya, inaweza ikakusaidia sana ukiwa kituoni, lakini haikufanyi kuwa mwalimu wa awali mbele ya Wizara ya Elimu.

Hatua ya 2: Kaa na watoto kwanza, ndo uamue

Hii watu wanaiona kama kupoteza muda na mimi naiona ndo hatua muhimu kuliko zote. Kabla ya fomu za chuo, nenda kituo cha karibu na kwenu, ongea na mkuu wa kituo, omba kujitolea wiki 2 au hata mwezi. Usikae ofisini kupanga daftari. Kaa pale mlangoni saa moja asubuhi watoto wanapoletwa, kaa nao wakati wa uji, wasindikize chooni, walaze mchana, subiri mpaka yule wa mwisho amechukuliwa jioni na mama yake aliyekwama kwenye foleni.

Jiangalie mambo kama haya. Mtoto akijikojolea mara ya tatu siku hiyo hiyo unajisikiaje? Kelele za watoto 30 zinakuchosha kiasi cha kutaka kupiga mtu? Unaweza kukaa chini sakafuni nusu saa unamsikiliza mtoto anakuhadithia habari ya kuku wa bibi yake ambayo haina mwanzo wala mwisho, na ukafurahi kweli? Maana hapo anapokuhadithia ndo anajenga lugha, na wewe kazi yako ni kumsikiliza na kumuuliza swali moja zaidi, kuku alikuwa rangi gani, alikimbilia wapi.

Kama unaona hayo yote ni usumbufu, mdogo wangu, kuna ualimu wa sekondari, kuna uuguzi, kuna kazi nyingi nzuri. Watoto wa miaka 3 hawastahili mtu aliyekuja kwa sababu alikosa pa kwenda.

Hatua ya 3: Sifa na maombi

Kwa ualimu wa awali ngazi ya stashahada, wanaotakiwa ni waliopata daraja la I mpaka la III. Ukitokea fomu foo unasoma miaka 3, ukitokea fomu siksi unasoma miaka 2. Vyuo vya serikali Wizara ya Elimu inatoa tangazo kila mwaka na maombi yanafanyika kwenye mtandao, usimpe mtu hela akuingizie jina, hakuna njia ya pembeni hapo, wanaliwa wengi kila mwaka. Ukitaka shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma (UDOM) wote wanayo ya elimu ya awali.

Waliopata division foo wasikate tamaa. Kozi nyingi za cheti cha ngazi ya 4 chini ya NACTVET, lile baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, zinataka pasi 4 za fomu foo ukiacha masomo ya dini, na za malezi zimo humo. Unaanza na cheti, unapanda stashahada, mwendo unaendelea.

Kwa chuo binafsi fanya hivi bila aibu. Ingia tovuti ya NACTVET, tafuta jina la chuo, angalia kimesajiliwa kwa kozi gani. Angalia KOZI, sio chuo tu, maana unaweza kukuta chuo kina usajili wa kozi ya uongozaji watalii halafu kinatangaza na ualimu wa chekechea juu kwa juu. Halafu nenda mwenyewe ukakione. Uliza wana darasa la mfano lenye watoto halisi? Wanachuo wanaenda mazoezi ya kufundisha wiki ngapi? Nani anawakagua huko? Chuo cha walimu wa watoto ambacho ukizunguka chote huoni hata kifaa kimoja cha kuchezea, ondoka tu taratibu urudi nyumbani.

Hatua ya 4: Ukiwa chuoni, komaa na haya

Utafundishwa saikolojia ya makuzi, utafundishwa mtaala, azimio la kazi, andalio la somo, utunzaji wa kumbukumbu. Soma ufaulu. Ila nataka nikuonyeshe yale ambayo ukitoka nayo vizuri utakuwa mwalimu wa tofauti.

Kwanza mtaala wenyewe, usome mzima, usisubiri noti za mkufunzi. Ule wa 2016 ulijengwa kwenye umahiri 6: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Angalia hapo, kusoma na kuandika viko ndani ya kuwasiliana tu, yaani sehemu moja kati ya 6. Mtaala ulioboreshwa ukaanza kutumika Januari 2024, awali ikiwa kwenye kundi la kwanza kabisa, kwa hiyo hakikisha chuo chenu kinatumia vitabu vya sasa sio makaratasi ya zamani.

Pili, zana. Jifunze kutengeneza kwa vitu vya bure. Vizibo vya soda ukiviosha ukaandika herufi juu yake unapata seti ya silabi ya darasa zima. Mbegu za ubuyu za kuhesabia (kwa watoto wakubwa kidogo na ukiwa unaona, wadogo wanaweka puani na masikioni). Maboksi yanakuwa duka, yanakuwa gari. Udongo wa mfinyanzi, khanga iliyochakaa ya kutengenezea mwanasesere, chupa za maji zenye mchanga na mawe za kutikisa. Anza kukusanya mwaka wa kwanza ili unapoenda BTP, yaani yale mazoezi ya kufundisha shuleni, uwe na mfuko wako, sio unafika shuleni unaanza kuomba chaki.

Kona za kujifunzia nazo zishike vizuri: kona ya nyumbani, ya duka, ya vitabu, ya sayansi, ya ujenzi. Wengi wanaziweka kwa ajili ya mkaguzi, zimepambwa zinapendeza na mtoto haruhusiwi kugusa. Kona ya duka ambayo mtoto haichezei inamfundisha nini? Aache aingie, auze, adai chenji, agombane na mteja wake, hapo hesabu inaingia, lugha inaingia, na kuhusiana kunaingia kwa pamoja.

Tatu, na hii ndo moyo wa kazi, jifunze KUANGALIA mtoto na kuandika. Nunua daftari dogo. Kila siku chagua watoto 3 tu, waangalie kwa makini, andika ulichoona na sio unachofikiria. "Asha mvivu" haijakusaidia kitu. "Asha ameacha kupanga vijiti baada ya dakika 2, akaegemea meza, anapepesa macho akiangalia ubao" hiyo ina kazi, hapo unajiuliza macho yake yanaona? Kalala usiku? Kanywa chai? Anayeitwa mkorofi unaweza kukuta hasikii vizuri sikio moja, anayeitwa bubu unakuta kwao wanaongea Kisukuma na Kiswahili ndo anakutana nacho kwako. Mwalimu anayejua kuangalia anamuokoa mtoto kabla hajafika darasa la kwanza na jina baya mgongoni.

BTP yako omba uende sehemu 2 tofauti kama chuo kinaruhusu, shule ya serikali yenye watoto wengi na kituo kidogo. Mtaala wa 2016 uliweka mwalimu 1 kwa watoto 25, lakini tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto wamemiminika na kwenye shule za mjini sio ajabu kukuta zaidi ya 100 darasa moja. Huko utajifunza kugawa makundi, nusu wako nje kwenye mchezo na mama mlezi au mwalimu mwenzako, nusu wako mkekani na wewe, halafu mnabadilishana. Kipindi cha awali ni dakika 20 na kuna sababu, ukivuta zaidi ya hapo unaongea na ukuta.

Hatua ya 5: Malezi na usalama, hapa usicheze

Vyuo vingi vinapita haraka hapa na ndipo mzazi anapokuamini na roho ya mtoto wake.

Huduma ya kwanza tafuta mafunzo ya vitendo, Msalaba Mwekundu wanatoa, usitegemee kusoma tu. Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe ukiwa karibu. Akishindwa kukohoa wala kulia, kama ana zaidi ya mwaka 1 mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, ikishindikana kaa nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta kwa ndani kwenda juu mara 5, endelea kubadilisha hivyo huku mtu mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Chini ya mwaka 1 tumbo haliminywi, unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini kidogo, mgongoni mara 5, unamgeuza, vidole 2 katikati ya kifua mara 5. Usiingize kidole mdomoni kwa kubahatisha, unaweza kusukuma kitu ndani zaidi. Degedege: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimweke kijiko mdomoni, kimbiza hospitali. Na karanga nzima, pipi ngumu, zabibu nzima kwa watoto wadogo hapana kabisa.

Choo. Anayemsindikiza mtoto chooni awe anajulikana, na mlango usifungwe kwa komeo. Aliyejikojolea anabadilishwa kimya kimya pembeni, bila kutajwa mbele ya wenzake. Fundisha majina halisi ya sehemu za mwili na kwamba hakuna mtu wa kumshika sehemu za siri na kumwambia iwe siri yao wawili. Ukiona dalili, mtoto ameanza kuogopa mtu fulani, anaumia akikaa, anacheza michezo isiyo ya umri wake, usimhoji kama polisi na usikae kimya kwa kuogopa kuharibu jina la shule. Msikilize, andika maneno yake kama alivyoyasema, toa taarifa kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi. Namba ya kuripoti ukatili kwa watoto ni 116, bure.

Kuchukuliwa jioni: kuwe na daftari la majina ya wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto. Akija mjomba ambaye hayumo, hata kama mtoto anamkimbilia, mpigie mzazi kwanza, huyo mjomba atanuna na atapoa. Gari la shule hesabu wakipanda na hesabu wakishuka, halafu mtu apande akague siti moja moja mpaka ya nyuma kabla dereva hajafunga mlango, maana mtoto akilala siti ya nyuma haonekani na gari lililofungwa juani linaua.

Fimbo, tafadhali. Mtoto wa miaka 4 hakai kimya saa nzima, ndivyo alivyoumbwa. Ukiona unataka kumpiga kila mara angalia kwanza ratiba yako, je wamecheza leo? Wamekunywa uji? Umewakalisha muda gani?

Hatua ya 6: Jiandae na wazazi

Chuo hakikuambii ila utakachokutana nacho ni mama anakuja wiki ya pili anauliza, "Mwalimu, mbona daftari la mwanangu halina kitu? Wa jirani anaandika mpaka mia." Mtoto ana miaka 3! Wazazi wengi wanapima shule kwa daftari na kwa kiingereza, na shule nyingine zinakubali zinawakalisha watoto wanajaza kurasa.

Mweleze kwa heshima na umwonyeshe. Mkono wa mtoto mdogo bado haujakomaa kushika penseli muda mrefu. Kabla ya kuandika kuna kazi zinazojenga vidole: kufinyanga, kuchana karatasi, kutunga shanga kubwa kwenye uzi, kufunga vifungo, kukamua sponji, kuchora mchangani kwa kidole. Kwenye kusoma anza na sauti, mtoto asikie "mmm" ya mama na maji kabla ya kuona umbo lake, halafu irabu, halafu ndo silabi. Mwite mama aje akae darasani asubuhi moja, mwache aone mwanae anapanga mawe kwa ukubwa, anahesabu vizibo, anaomba zamu yake bila kusukumana. Wengi wakishaona wanaelewa.

Siku za kwanza pia waelekeze wazazi kuaga. Ule mchezo wa kumdanganya mtoto halafu mama anatorokea dirishani unamwumiza, kesho hataki hata kushuka kwenye pikipiki. Mama amwambie mtoto "mama anaenda kazini, nakuja ukishaamka usingizini," amkumbatie, aondoke, na kweli arudi muda huo. Atalia. Wewe mbebe, kaa naye.

Hatua ya 7: Kazi, au kituo chako mwenyewe

Ajira za walimu serikalini sasa zinapitia Sekretarieti ya Ajira, unajisajili kwenye Ajira Portal, na kuna usaili, sio kama zamani unasubiri jina litoke kwenye orodha. Jina lako lifanane kila sehemu, cheti cha kuzaliwa, NIDA na vyeti vya shule. Likitofautiana herufi moja anza kulishughulikia ukiwa bado chuoni. Shule binafsi wengi watakwambia ufundishe somo la majaribio mbele yao, nenda na zana zako na kaa chini na watoto, usisimame ubaoni kuhutubia. Pia uliza mkataba na kama wanakuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, walimu wa chekechea wananyonywa sana hapa kwa sababu watu wanadhani wanacheza tu.

Ukitaka kufungua kituo, usianze kupaka rangi ukuta ukiwa hujaonana na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Yeye ndo atakupa masharti na fomu. Anzia kwa mtendaji wa mtaa au kijiji upate barua, jengo litakaguliwa, afisa afya ataangalia vyoo, maji na jiko, na walezi wako watatakiwa kuwa na vyeti vyao vya mafunzo. Na usiwaze kabisa bweni, mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne. Nyumba ya kupanga soma mkataba, nimeona watu wanamwaga hela kwenye uzio na bembea halafu mwenye nyumba anataka nyumba yake baada ya mwaka, kwa hiyo usisaini chini ya miaka 3 na iandikwe kabisa kwamba nyumba ni kwa ajili ya kituo cha watoto.